Mvua ya Kiwanja Ibaki Kiwanjani

Mimi ni fundi wa pevingi hapa Tabora mjini. Riziki yangu inatokana na kufunika ardhi: uwanja wa mbele, njia ya gari, uwani, na kuizunguka nyumba mpaka ukutani. Leo naomba manispaa yetu itunge sheria ndogo ya kuweka kikomo cha eneo ambalo mtu anaruhusiwa kulifunika kwenye kiwanja chake cha kuishi, na sheria hiyo itamke waziwazi kwamba pevingi, zege na sakafu vinahesabiwa pamoja na nyumba. Miaka michache iliyopita mtu angeniletea wazo hili ningeona anataka kuninyang'anya kazi. Ndiyo maana naeleza nilivyofika hapa.

Watu wa Tabora hawaweki pevingi kwa majivuno tu. Kiangazi chetu ni kirefu. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi linaingia kabatini, linaingia kwenye unga, linakaa juu ya nguo zilizoanikwa. Mvua zikianza, kwa kawaida Novemba, vumbi hilohilo linageuka tope la mlangoni. Wamewahi kuniita akina mama waliochoka kufagia kutwa, wazee wanaotembelea fimbo na kuogopa kuteleza, wazazi waliochoka kuwatoa watoto funza vidoleni. Harusi na matanga yetu pia hufanyika uwanjani chini ya turubai, na kila mwenye nyumba anapenda wageni wake wakae pakavu. Sababu hizo nilizielewa, na bado naziheshimu.

Kazi yenyewe nilifundishwa hivi. Unakwangua udongo wa juu, unamwaga moramu, unailowesha na kuishindilia kwa kompakta mpaka kisigino kisiache alama. Unatandaza vumbi la mawe, unavuta kamba, unapanga, unafagilia mchanga laini kwenye viungo, kisha kompakta inapita tena. Jambo kubwa kuliko yote ni mteremko. Mzee aliyenilea katika kazi hii alikuwa tayari kunifumulisha sehemu nzima kwa kasoro ndogo ya pima maji. Maji yasisimame, alisema, yaende getini. Mvua ikipita na baada ya robo saa uwanja uko mkavu, mteja anakupigia simu kukushukuru, na jirani yake anakupigia kuulizia bei. Katika simu zote hizo hakuna aliyewahi kuniuliza maji yamekwenda wapi.

Aliyeniuliza ni mama mmoja mjane anayeishi bondeni, upande ambao mitaa ya juu inamwagia. Aliniita si kwa pevingi, bali nimnyanyulie kizingiti cha mlango. Nyumba yake ni ya tofali za udongo zilizopigwa lipu ya saruji, imara, iliyojengwa na mumewe. Nilimkuta amepanga viroba vya mchanga mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita huku kwenye kavu."

Nilipima kizingiti, nikamwambia tofali mbili zitatosha. Akasema mwaka uliotangulia fundi mwingine alimwongezea tofali moja na ilitosha, kwa mwaka huo. Nikamuuliza kama nyumba imetitia. "Nyumba haijashuka, baba," akanijibu. "Mvua nayo si ngeni, nimeolewa nimeikuta. Haya maji ndiyo mageni. Wewe unayejenga huko juu, yanatoka wapi?"

Mvua ilianza kabla sijamaliza kazi, ile ya Januari inayokuja na upepo wake. Badala ya kujibanza barazani nikavaa koti la mvua nikayafuata maji kuelekea yanakotoka. Nilipanda nayo mtaa kwa mtaa. Kwenye uchochoro wa kwanza yalikuwa yakinifika kwenye vifundo vya miguu, yakibeba mchanga na makopo. Juu zaidi yaligawanyika, na kila mkono niliofuata uliishia mahali pa aina moja: bomba la inchi nne lililopitishwa chini ya ukuta, au nafasi chini ya geti, na maji yakitoka kwa nguvu, safi kabisa, kwa sababu hayakugusa udongo hata kidogo tangu yalipotoka mawinguni. Baadhi ya mageti nilifanya kazi mimi, mengine wenzangu. Palikuwapo kiwanja kimoja tu, kibovu kuliko vyote kwa macho, chenye miembe miwili na ukoka, ambacho hakikuwa kikitoa kitu.

Niliporudi chini yule mama alikuwa akichota kwa sufuria. Sikuwa na jambo la kumlaumu mtu yeyote, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Kule juu kila mtu alijenga kwa kibali. Kila uwanja ulikuwa umepimwa vizuri, na mafundi walifanya kama walivyofundishwa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na maji yako ndani kwa mjane.

Usiku ule nilifungua daftari la vipimo nikapiga hesabu ambayo fundi yeyote wa uwanja anaweza kuipiga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kiwanja cha mita za mraba 600, nyumba yenye paa la 180, na pevingi ya 320. Jumla 500 zimefunikwa. Ikinyesha mvua ya milimita 40, ambayo kwetu si mvua ya ajabu, ni lita 20,000, na juu ya bati na zege sehemu kubwa sana ya maji hayo huondoka, tuseme tisa katika kumi. Lita 18,000 zinatoka getini kwa mchana mmoja, kutoka kwa familia moja. Viwanja 15 vya namna hiyo kwenye mteremko mmoja vinatoa lita 270,000. Mchanga wenye nyasi na mizizi ungeruhusu sehemu ndogo tu ya hayo kuondoka, na kidogokidogo, si kwa kishindo. Hesabu ile niliipiga mara nyingine asubuhi, nikidhani nimeongeza sifuri.

Tena ardhi yetu imepangwa kwa namna ambayo kosa la juu linalipwa chini. Anayeijua Unyamwezi anajua mpangilio wake: juu kuna vilima na majabali ya matale, chini yake mteremko mrefu wa udongo wa kichanga, na bondeni mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambamo watu hulima mpunga kwenye majaruba. Mchanga unakunywa maji haraka. Udongo mweusi ukishalowa unavimba na kujifunga, haunywi tena, na ndiyo maana unafaa kwa mpunga. Hivyo kazi ya kuipunguza mvua inafanyika juu, kwenye mchanga, ambako ndiko tunakojenga kwa wingi. Tukiufunika mchanga, mbuga haina uwezo wa kutusaidia.

Mji huu ulisimama hapa kwa ajili ya mpangilio huohuo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, wapagazi kwa maelfu, kwa sababu palikuwa na chakula na maji. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857. Mwaka 1872 Henry Stanley na David Livingstone walikaa Kwihara, jirani na hapa, na Livingstone akabaki pale hadi Agosti akisubiri wapagazi wapya kutoka pwani. Kwenye tembe la Kwihara, ambalo limejengwa upya na sasa ni makumbusho, niliwapeleka wanangu. Wao walitazama picha na barua, mimi nilitazama uwa. Tembe la kale limezungushwa vyumba pande zote na katikati lina uwa wazi wa udongo. Waliojenga hivyo walijua vumbi na tope kama sisi tunavyovijua, lakini katikati ya nyumba waliacha ardhi wazi. Miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara imeishi vizazi kwa maji yanayozama, hakuna aliyeimwagilia.

Sisi wa sasa tumehangaika sana na maji. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kikizidi tulipanga ndoo usiku. Kisha Serikali, kwa mkopo kutoka India, ikatuletea maji ya Ziwa Victoria, yanayochotwa Ihelele wilayani Misungwi na kusukumwa mpaka Tabora, Nzega na Igunga. Nashukuru kwa mradi huo kama kila mwana Tabora anavyoshukuru. Lakini tunapata mvua ya kama milimita 900 kwa mwaka. Kile kiwanja changu cha hesabu, chenye mita 500 zilizofunikwa, kinapokea juu ya mabati na pevingi yake lita 450,000 kila mwaka, na tunalipana fedha nzuri, mteja na mimi, ili zitoke nje haraka iwezekanavyo. Visima vifupi vya mitaani vinajazwa na mvua inayozama. Maji ya ziwa hayavijazi.

Nilikwenda kuuliza sheria inasema nini. Afisa mmoja kijana wa mipangomiji alinikalisha akanieleza kwa uvumilivu. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, huwezi kujenga mjini bila kibali, na michoro unayopeleka inaonyesha ukubwa wa kiwanja, sehemu itakayofunikwa na jengo, umbali kutoka mipakani, maegesho na mfumo wa maji taka. Kwa hiyo wazo la kutofunika kiwanja chote si geni, lipo tayari kwenye karatasi. Lakini kinachopimwa ni jengo. Pevingi kwa kawaida huja baadaye, familia ikishahamia na fedha ikipatikana, na hapo hakuna mchoro wala kibali; mteja anampigia fundi simu. Ile nafasi ambayo mpangaji wa mji aliiacha wazi kwenye mchoro ndiyo mimi naifunika siku ya Jumamosi.

Kutoka pale nilibadilisha kazi yangu. Sikuiacha, maana nina watoto shuleni na vijana wawili wanaonitegemea. Nilianza na mteremko. Uwanja wangu wa kwanza wa namna mpya ulikuwa wa mwalimu mstaafu, na badala ya kuyaelekeza maji getini niliyaelekeza ndani, kwenye bustani iliyoshushwa kiasi cha shubiri kutoka usawa wa pevingi. Mwalimu alikataa kwanza. "Fundi, unataka kunifugia mbu?" Lilikuwa swali la haki, mji wetu una malaria. Nikamwambia tutachimba kwanza shimo la majaribio tulijaze maji. Mbu huhitaji kama wiki nzima au zaidi kutoka yai mpaka kuruka. Kwenye mchanga wake maji yalizama kabla ya machweo. Akakubali, na bustani ile leo ina migomba.

Njia ya gari naiweka mistari miwili ya magurudumu, katikati ukoka. Mahali pa kuegesha natumia pevingi zenye matundu, chini yake kokoto tupu bila vumbi la mawe, ili maji yapite badala ya kukwama. Paa nalifunga gata zinazoingia kwenye simtanki, na simtanki likifurika maji yanakwenda kwenye shimo la kokoto, si barabarani. Mwembe nauachia duara pana la udongo. Nimeona miti iliyobanwa pevingi mpaka shinani ikikauka kuanzia vilele. Mteja anapata pakavu pa kutembea, pa kuanika, pa kukalisha wageni. Kisichofunikwa ni zile pembe ambazo hakuna anayekanyaga, na pembe zikijumlishwa ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Kuna mahali mbinu hii haifai, na fundi anayeisifia kila mahali asiaminiwe. Kwenye udongo mweusi shimo la kokoto linageuka kisima cha maji yaliyooza. Huko dawa ni matangi na mitaro mizuri. Shimo la kuzamisha maji lisiwe karibu na msingi. Mimi naacha mita tatu. Lisiwe karibu na choo cha shimo, maana litaubeba uchafu na kuupeleka kwenye visima vya watu.

Nilidhani tabia njema ya mafundi ingetosha. Haitoshi. Nikimwambia mteja tuache theluthi wazi, anaweza kumwita fundi mwingine atakayefunika yote kwa furaha, na mimi nimekosa kazi bila yule mama wa bondeni kupata nafuu yoyote. Tena mwenye kiwanja cha juu haumii kwa kukifunika. Anaumia mwingine, mbali na macho yake. Jambo la namna hiyo haliwezi kuachiwa huruma ya kila mtu na geti lake. Linahitaji kanuni moja kwa wote, ili fundi anayefanya vizuri asiwe ndiye anayefunga biashara.

Mteja wangu mmoja mhandisi aliniambia nisidhani ninazungumza jambo la ajabu. Uingereza, baada ya mafuriko makubwa ya 2007, kuanzia Oktoba 2008 mwenye nyumba anayetaka kufunika zaidi ya mita tano za mraba za bustani yake ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyaelekeza maji hayo kwenye udongo wake mwenyewe, anapaswa kuomba kibali. Mita tano! Hilo ni eneo la kuegesha pikipiki chache. Miji mingi ya Ujerumani inawatoza watu ada ya maji ya mvua kulingana na eneo walilofunika, na anayefumua zege analipa kidogo. Austin, jimbo la Texas kule Marekani, viwanja vingi vya kuishi familia haviruhusiwi kufunikwa zaidi ya asilimia 45, nyumba na njia ya gari zikiwa ndani ya hesabu. Simwigi mzungu kwa kuwa ni mzungu. Mvua zetu zinaanguka kwa kishindo kuliko za Uingereza na Ujerumani, kwa hiyo sababu yetu ni kubwa zaidi.

Nilipolileta wazo hili kwenye mkutano wa mtaa nilipingwa na mzee mmoja ninayemheshimu. "Hati ni yangu, kiwanja ni changu." Nilimjibu kwa adabu kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati aliyonayo inataja miaka na masharti. Tayari hati hiyo inamwambia ajenge nini. Sharti la kutomwagia jirani maji lingekuwa dogo kuliko yale aliyokwisha kuyakubali. Mwingine akasema tusubiri, mvua nyingi ni za El Nino tu. Kweli, mvua za 2023 na 2024 zilikuwa nzito. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Si pevingi iliyowaua watu hao. Lakini mvua nzito itarudi, na itakuta viwanja vingi zaidi vikiwa vimefunikwa mpaka ukutani.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa dada mmoja anayepangisha vyumba. Kiwanja chake ni kidogo, nyumba imekila karibu chote. Je, sheria itamwadhibu yeye na kumwacha mwenye robo eka? Ana haki. Kwa hiyo barua tuliyoiandikia manispaa haisemi asilimia moja kwa viwanja vyote. Kiwanja kidogo kiruhusiwe kufunika zaidi, mradi paa lake liwe na gata na tangi. Kiwanja kikubwa kiache wazi zaidi. Viwanja vya kichanga vizamishe maji, vya mbugani viyahifadhi. Walioweka pevingi kabla ya sheria wasilazimishwe kufumua, ila wakifanya marekebisho wafuate kanuni mpya. Nyumba za ibada, shule na maduka yenye viwanja vikubwa vya zege zihesabiwe nazo, tusiwasumbue wakazi peke yao.

Barua hiyo imesainiwa na wakazi wa mitaa ya juu na ya bondeni, na mafundi kadhaa wa pevingi wameweka majina yao, jambo ambalo sikulitarajia. Tumeipeleka kwa mtendaji wa mtaa, na diwani ameahidi kuiombea nafasi kwenye kamati ya mipango miji na mazingira. Sheria ndogo ina safari yake: wananchi watangaziwe, madiwani waijadili, waziri mwenye dhamana aidhinishe. Tunaijua safari hiyo na tuko tayari kuitembea.

Kipengele kimoja nilikiomba mimi mwenyewe na sitakubali kiondolewe. Ukaguzi ufanyike siku kamba zimevutwa, kabla kompakta haijawashwa. Siku hiyo kubadilisha mteremko ni kusogeza vigingi, hakumgharimu mteja hata tofali moja. Nimewaambia vijana wangu tuanze sasa: kila kazi tunayopata, kamba zikishavutwa, tunamwita mjumbe na jirani wa upande wa chini waje waone maji yataelekea wapi, ndipo tunaanza kupanga.